Wazazi Wakitengana, Mtoto Akae Wapi?



Ndugu wasomaji, wengi wetu hapa chuoni tuna umri kati ya miaka 19 na 25. Umri huo unatuweka mahali pagumu pale wazazi wetu, au kaka na dada zetu waliooa na kuolewa, wanapoachana. Hatuhesabiwi tena kuwa watoto, kwa hiyo hakuna anayehangaika nani atatulea. Lakini sisi ndio tunaopigiwa simu usiku. Mama anataka tumfikishie baba ujumbe, baba anataka tusikie upande wake, na ami anatuita kwenye kikao cha ukoo kwa sababu "wewe ndiye uliyesoma". Katika kikao hicho linaulizwa swali ambalo wachache wamejiandaa kulijibu: hawa wadogo, yule wa miaka 4 na yule wa miaka 9, watakaa wapi?

Somo letu la leo ni hilo. Tutakaa zaidi kwenye fiqhi, kwa sababu ndiko kwenye maneno mengi ya vibarazani yanayosemwa kwa jina la dini. Tutagusa sheria ya nchi yetu ya Uganda, kisha tumtazame mtoto mwenyewe.

Eda ni haki ya mtoto pia

Tuanze na jambo linaloharibiwa siku ya kwanza kabisa. Mume ametamka talaka baada ya Isha, na kabla ya Alfajiri mke amekwisha funga nguo zake na kupanda basi kwenda kwao. Watoto wanaamka, mama hayupo. Wakiuliza, wanaambiwa "amesafiri".

Aya ya kwanza ya Suratut-Talaq inaelekeza kinyume chake. Katika talaka rejea, mke hatolewi nyumbani mwake wala yeye hatoki mpaka eda iishe, isipokuwa amefanya uchafu ulio wazi. Eda hiyo ni tohara tatu kwa anayepata hedhi, miezi mitatu kwa asiyepata, na kujifungua kwa mwenye mimba. Tumezoea kueleza hekima ya hukumu hii kwa upande wa wanandoa tu, kwamba huenda Mwenyezi Mungu akaleta suluhu. Ni kweli. Lakini tazama pia kinachotokea kwa mtoto. Anapata wiki kadhaa ambamo baba na mama bado wako chini ya paa moja, na wote wawili wanaweza kumweleza kinachokuja. Anayeondolewa mama yake usiku mmoja hapati nafasi hiyo. Kwa mtoto wa miaka 4, mama aliyetoweka bila maelezo ni mama aliyepotea, na kesho yake ataanza kumshika baba nguo kila anapotaka kwenda kazini, akidhani naye atapotea.

Hukumu hii haimlazimishi mwanamke anayepigwa au anayehofia nafsi yake kubaki mahali pa hatari. Wanazuoni wameruhusu mwenye eda kuhama kwa hofu ya nafsi au mali. Anayetumia aya hii kumfungia ndani mke anayeumizwa ameielewa vibaya.

Mambo matatu yanayochanganywa

Ugomvi mwingi juu ya watoto unatokana na kuyaita mambo matatu kwa jina moja. "Mtoto ni wangu," anasema baba. "Mtoto ni wangu," anasema mama. Kila mmoja ana ukweli wake, lakini hawazungumzii kitu kimoja.

La kwanza ni hadhana. Hii ni kazi ya kumlea mtoto asiyeweza kujitegemea: kumlisha, kumwogesha, kumlaza, kumkinga na madhara, kumfundisha adabu za awali. La pili ni wilaya, yaani usimamizi wa mambo yake makubwa kama mali yake na kumwozesha binti. Hiyo asili yake iko kwa baba, na haihami kwa sababu mtoto analala kwa mama. La tatu ni nafaka: chakula, mavazi, makazi, matibabu. Hiyo iko juu ya baba, mtoto akae kwake au asikae kwake. Pamoja na haya kuna nasaba, ambayo talaka haiigusi kabisa.

Ukiyatenganisha, hoja nyingi zinaanguka zenyewe. Baba anayesema "kama mtoto yuko kwao, basi wao wamlishe" amechanganya la kwanza na la tatu. Ndugu wa baba wanaosema "damu ni yetu, ukoo ni wetu, kwa hiyo mtoto aje kwetu" wamechanganya nasaba na hadhana. Mama anayemzuia baba kuulizia maendeleo ya shule kwa sababu "mimi ndiye niliyepewa mtoto" amefanya hadhana iwe wilaya. Aya ya 233 ya Suratul-Baqara, pamoja na kuzungumzia kunyonyesha miaka miwili, imeweka kanuni inayowabana wote: mama asidhuriwe kwa ajili ya mtoto wake, wala baba asidhuriwe kwa ajili ya mtoto wake. Na hata kumwachisha ziwa kabla ya muda, aya imekufanya kuwe kwa kuridhiana na kushauriana. Ikiwa ziwa linahitaji mashauriano ya wazazi wawili, kumhamisha mtoto wilaya moja hadi nyingine si jambo la kuamuliwa na mmoja kwa hasira.

Miaka ya mwanzo

Abu Daud amepokea kutoka kwa Abdullah bin Amr kwamba mwanamke mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akalalamika kuwa mumewe amemwacha na anataka kumnyang'anya mtoto. Alieleza hoja yake kwa mwili wake: tumbo lake lilivyombeba mtoto, kifua kilivyomnyonyesha, mapaja yalivyomlaza. Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa yeye ndiye mwenye haki zaidi maadamu hajaolewa.

Maswahaba waliielewa hivyo hata pale ilipomgusa mtu mkubwa. Katika Muwatta ya Imam Malik kuna kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) na mwanawe Asim. Umar alikuwa amemwacha mama yake Asim, mwanamke wa Kiansari. Siku moja alikwenda Quba akamkuta mtoto anacheza uwanjani mwa msikiti, akamshika mkono akampandisha juu ya mnyama wake. Bibi yake mtoto, mama wa mama, akamfuata na kumgombania. Wakafikishana kwa Abu Bakr (r.a.), aliyekuwa Khalifa. Kila mmoja akasema ni mwanangu. Abu Bakr akamwambia Umar amwache huyo mwanamke na mtoto, na Umar hakujibu neno. Kwa elimu yake, kwa ukali wake na kwa nafasi yake, alishindwa kesi na bibi wa Quba, akanyamaza. Ningependa kisa hiki kisomwe mwanzoni mwa kila kikao cha ukoo ambapo wajomba na maami wamejaa ukumbini na bibi mzaa mama amewekwa jikoni.

Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo tunayofuata wengi wetu Afrika Mashariki, mama hutangulia katika hadhana ya mtoto mdogo, kisha mama zake, kisha baba. Masharti ya mlezi ni kuwa na akili timamu, Uislamu, uaminifu, na kwa mama asiwe ameolewa na mtu wa mbali asiye na haki ya malezi kwa mtoto huyo.

Sharti hili la mwisho ndilo linaloshikwa vibaya kuliko yote. Watu husema: "Akiolewa tu, mtoto arudi kwa baba." Sivyo. Kwanza, mama akiolewa haki huhamia kwa mama yake kabla ya kufika kwa baba, kwa utaratibu tulioutaja. Pili, baba na mume mpya wakiridhia mtoto abaki kwa mama, wanazuoni wa Shafi wameruhusu abaki. Tatu, upo ushahidi wa binti wa Hamza. Baada ya Umra ya mwaka wa 7 Hijria, binti huyo yatima aligombaniwa na watu watatu wema: Ali, Jaafar na Zayd (r.a.). Mtume (s.a.w.) alimpa Jaafar, na sababu aliyoitoa ni kwamba mke wa Jaafar ni khalati wa mtoto, na khalati yuko mahali pa mama. Mama huyo mdogo alikuwa ameolewa, lakini kwa mtu wa ukoo wa binti mwenyewe, mtoto wa ami yake. Mafakihi wakafahamu kuwa kinachoangaliwa ni kama mume huyo atamwonea mtoto huruma au atamwona mzigo.

Na mama anayelea anaweza kudai ujira wa malezi, ukitolewa katika mali ya mtoto, na kama hana, kwa baba. Hili wengi hawalijui. Hata mwanamke asiyedai, ni vizuri baba ajue kwamba anachopelekewa mama kila mwezi si sadaka.

Mtoto anapofikia kupambanua

Umri wa tamyizi hukadiriwa kuwa miaka 7 au karibu yake: mtoto anakula mwenyewe, anajisafisha mwenyewe, anaelewa anachoulizwa. Hapo madhehebu yametofautiana. Wanazuoni wa Hanafi wameweka mpaka wa miaka 7 kwa mvulana, na kwa msichana 9 au kubaleghe, kisha huenda kwa baba. Malik amemwacha mvulana kwa mama hadi abaleghe na msichana hadi aolewe na kuingia kwa mumewe. Mahanbali wamempa mvulana wa miaka 7 hiari na wakampeleka msichana kwa baba. Shafi amewapa wote wawili, mvulana na msichana, hiari ya kuchagua. Dalili yake ni hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), ambamo mvulana aliambiwa na Mtume (s.a.w.) achague kati ya baba na mama, akamshika mama yake mkono wakaondoka.

Tofauti hizi zinatufundisha kitu. Kama kungekuwa na nassi moja inayokata kwamba mtoto wa umri fulani ni wa fulani, wasingetofautiana hivi. Walichokitafuta wote ni maslahi ya mtoto, na kila mmoja akakadiria kwa anavyoona.

Je, mtoto akichagua, basi imekwisha? Ibnul-Qayyim katika Zadul-Maad amesimulia kutoka kwa mwalimu wake Ibn Taymiyya kisa cha mtoto aliyepewa hiari mbele ya kadhi akamchagua baba. Mama akamwomba kadhi amuulize mtoto kwa nini. Mtoto akasema mama humpeleka chuoni kila siku na mwalimu humchapa, na baba humwachia acheze na wenzake. Kadhi akamrudisha kwa mama. Kwa hiyo jibu la mtoto husikilizwa pamoja na sababu yake. Baba aliyenunua simu mpya wiki moja kabla ya kikao asidhani kwamba amekwisha shinda.

Imam Nawawi katika Minhaj ameandika maelezo ambayo natamani kila kadhi na kila ami ayajue. Mvulana akimchagua mama, hulala kwa mama usiku na mchana huwa na baba amfundishe na ampeleke shule au kwenye kazi. Msichana akimchagua mama, hukaa naye usiku na mchana na baba humtembelea kwa desturi. Mtoto akimchagua baba, baba hamzuii mvulana kumtembelea mama yake, na mama hazuiwi kuingia kuwaona wanawe. Mtoto akiugua, mama ndiye mwenye haki zaidi ya kumuuguza, nyumbani kwa baba akikubali, ama sivyo nyumbani kwa mama. Na mtoto akibadilisha uamuzi baadaye, huhamishwa kwa aliyemchagua.

Kitabu hicho kiliandikwa karne ya saba Hijria, na ndani yake hakuna mahali ambapo mzazi mmoja anafutwa kwenye maisha ya mtoto. Hata mchana na usiku vimegawanywa. Mtu anayekata simu ya mzazi mwenzake kwa miezi sita asitafute hoja yake kwa Nawawi.

Sheria ya nchi

Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 129, inazitaja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na malezi, kwa namna Bunge litakavyoweka kwa sheria. Sheria hiyo ilisubiriwa miaka mingi mno, na katika kusubiri huko Waislamu wengi wamekuwa wakipeleka mashauri kwa masheikh wa wilaya na idara ya sharia ya Baraza Kuu la Waislamu, Old Kampala. Usuluhishi huo una faida kubwa, hasa kwa sababu hauna gharama kubwa na unazungumza lugha ya dini. Udhaifu wake unaonekana pale mmoja anapokataa kutekeleza.

Hapo ndipo inapoingia Sheria ya Watoto ya 1996, iliyorekebishwa mwaka 2016. Kwa mujibu wake mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na katika uamuzi wowote unaomhusu, ustawi wake ndio unaotangulia. Mahakama hutazama matakwa ya mtoto kwa kadiri ya umri na ufahamu wake, mahitaji yake ya mwili, ya moyo na ya elimu, athari ya kubadilishiwa mazingira, umri na jinsia na malezi aliyokulia, madhara aliyopata au anayoweza kupata, na uwezo wa wazazi kumtimizia mahitaji. Ukiyasoma haya baada ya kusoma mafakihi hutajisikia mgeni.

Si lazima kuanzia mahakamani. Katika kila halmashauri ya kijiji makamu mwenyekiti ndiye katibu wa mambo ya watoto, na halmashauri ina wajibu wa kusuluhisha pale haki ya mtoto inapovunjwa. Wilayani kuna afisa ustawi wa jamii. Ikishindikana, ipo Mahakama ya Familia na Watoto, ambayo husikiliza faragha, na inaweza kumwamuru baba atoe matunzo. Wapo ndugu wanaoona aibu Mwislamu kwenda huko. Binafsi sioni aibu yoyote kwa mama kudai chakula cha watoto mahali patakapomlazimisha anayekataa kukitoa. Aibu iko kwa aliyekataa.

Mtoto anaelewa nini?

Mtoto wa miaka 4 au 5 hujiona ndiye chanzo cha mambo. Alimwaga chai, baba akakasirika, baba akaondoka: kwake hiyo ni hesabu kamili. Asipoambiwa kwa maneno kwamba hakuna alichokosea, atabaki na hesabu yake. Mwambieni mara nyingi, kwa sababu atauliza mara nyingi. Anaweza kurudia kukojoa kitandani wakati alikwisha acha, au kukataa kulala peke yake. Hiyo ni hofu, na fimbo haiondoi hofu.

Wa miaka 8 hadi 11 huchukua upande. Atamlaumu mmoja na kumtetea mwingine kama wakili, na aliye karibu naye anaweza kumfurahia kwa hilo. Ni hatari. Anayemfundisha mtoto kumchukia baba amemfundisha kuichukia nusu ya nafsi yake, kwa sababu kila siku anaambiwa "umefanana na baba yako". Masomo hushuka. Mwalimu wa darasa aambiwe kwa ufupi, si kwa umbea, ili asimwadhibu kwa kusinzia.

Wa miaka 13 na kuendelea hunyamaza au hukaa nje. Mara nyingi ndiye tunayemsahau, tukidhani "huyu ameshakua".

Kuna maneno matatu ambayo mtoto anahitaji kuyasikia kutoka kwa wazazi wote wawili, ikiwezekana wakiwa pamoja: sisi hatutaishi tena nyumba moja; si kosa lako; utaendelea kuwa na baba na utaendelea kuwa na mama. Kisha aambiwe mambo yanayomhusu leo na kesho: utalala wapi, shule ni ile ile au nyingine, paka atakwenda na nani, Jumapili utamwona baba saa ngapi. Sababu za talaka hazimhusu. Usimwambie uongo, lakini si kila la kweli ni la kumwambia mtoto.

Mtoto asifanywe tarishi. "Mwambie baba yako ada haijalipwa" ni sentensi ndogo, ila inamtuma mtoto kwenye vita akiwa mikono mitupu. Asifanywe mpelelezi wa nani anaingia nyumbani kwa mama. Na asiulizwe "unampenda nani zaidi?" Anayempa hiari kwa mujibu wa fiqhi anamuuliza angependa kuishi wapi, faraghani, na mtu anayemwamini, na hafanyi hivyo mbele ya watu 20 waliokaa wakimtazama.

Mfano wa kikao

Tuchukue mfano wa kubuni. Baba ana duka Kikuubo, Kampala. Hutoka alfajiri hurudi usiku. Mama anarudi kwa wazazi wake Mbale. Binti ana miaka 9, yuko darasa la nne. Mdogo wake wa kiume ana miaka 4. Baba anapendekeza binti apelekwe bweni na mvulana apelekwe kijijini Iganga kwa bibi mzaa baba. Mama anataka wote wawili. Wewe umeitwa kwa sababu umesoma.

Pendekezo la baba lichunguzwe bila kumtukana. Kwa nini bweni? Kwa sababu hana muda. Hilo ni jibu la kweli, na ndilo linaloonyesha kwamba anachogombania si malezi, maana mtoto hatalelewa naye. Hapa kwetu bweni limekuwa jibu jepesi la kila talaka: mtoto hayuko kwa baba wala kwa mama, basi hakuna aliyeshindwa. Mtoto aliyepoteza nyumba kisha akapelekwa bweni katika mwezi huo huo huona amefukuzwa mara mbili. Bweni linaweza kuwa jema baadaye, kwa sababu za elimu. Lisiwe njia ya wazazi kufunga mjadala.

Kisha ndugu hawa wanatenganishwa. Sioni sababu. Katika nyumba inayovunjika, dada na mdogo wake ndio kitu pekee ambacho hakijabadilika kwa kila mmoja wao. Wasitenganishwe bila dharura.

Mvulana wa miaka 4 ni wa mama kwa madhehebu zote nne. Binti ana miaka 9, ana hiari kwa Shafi, kwa hiyo aulizwe. Tuseme anajibu kwamba anataka kubaki Kampala. Usikimbilie kuandika "amemchagua baba". Muulize kama kadhi wa Ibnul-Qayyim. Huenda atasema ni kwa sababu ya rafiki zake na mwalimu wake. Basi hakumchagua baba, amechagua shule. Pengine suluhu ni wote wabaki Kampala na mama, au na khalati, mpaka muhula uishe, kisha wahamie Mbale mwanzo wa muhula mpya badala ya katikati.

Wakihamia, baba abaki baba kwa njia gani? Kampala na Mbale si jirani. Ratiba ya Nawawi ya usiku na mchana haiwezekani. Lakini maana yake inawezekana. Likizo ndefu ya Desemba igawanywe. Idi moja kwa baba, nyingine kwa mama, na mwakani zibadilishwe. Simu iwe na siku na saa inayojulikana, na aliye na mtoto asiizime. Ada ilipwe moja kwa moja shuleni, matumizi yapelekwe kwa simu ya mama tarehe inayojulikana. Sura ya 65 aya ya 7 inampima baba kwa uwezo wake, mwenye wasaa kwa wasaa wake na mwenye dhiki kwa alichopewa. Kwa hiyo kiasi kitajwe kinachotekelezeka, kisitajwe cha kumfurahisha mkwe siku hiyo kisha kikaisha mwezi wa pili. Madrasa yaendelee. Juzuu aliyofikia binti iandikwe ili ustadhi wa Mbale asimwanzishe Alif.

Sasa tuongeze jambo linalotokea sana siku hizi: mama amepata mkataba wa kazi za ndani Saudi Arabia, miaka miwili. Hadhana inahitaji mlezi aliyepo. Haki inahamia kwa bibi mzaa mama kama ana afya na uwezo, kisha baba. Bibi mwenye miaka 70 na maradhi ya magoti hawezi kumkimbilia mtoto wa miaka 4, na hapo baba mwenye mke mpole nyumbani anaweza kuwa bora kwa mtoto kuliko orodha ya vitabuni. Mama akirudi, haki yake inarudi. Yote haya yasemwe kabla hajapanda ndege, yasiachwe yagombaniwe kwa ujumbe wa sauti.

Makubaliano yaandikwe, hata ukurasa mmoja wa daftari. Wazazi watie saini, sheikh au imamu wa msikiti na shahidi wa kila upande watie saini, nakala ipelekwe kwa katibu wa mambo ya watoto kijijini. Iandikwe tarehe ya kuyapitia tena, kwa mfano mwisho wa muhula wa pili, kwa sababu mtoto wa miaka 4 atakuwa na 5 na baba anaweza kuhama duka.

Na wewe mwanafunzi uliyeitwa, kikao kikiisha usirudi chuoni ukaendelea kupokea simu za mama juu ya baba na za baba juu ya mama. Waambie kwa heshima: "Mama, hilo naomba umwambie baba mwenyewe au sheikh." Kisha chagua siku, baada ya Asri Jumamosi kwa mfano, uwapigie wadogo zako wenyewe. Usiulize habari za wakubwa. Muulize yule wa miaka 9 hesabu amefikia wapi, na yule wa miaka 4 amekula nini, umwache aseme mpaka achoke.